Sauti Iliyokauka Siku Tatu Kabla ya Harusi



Swali hili tunaulizwa mara nyingi. Harusi ya binti ni Jumamosi, mama ndiye atakayemwimbia, na leo Jumatano, baada ya mazoezi ya usiku kucha, sauti yake imekauka. Je, anunue nini?

Jibu letu huwaudhi wengi: karibu hapana cha kununua. Nyuzi za sauti zilizochoshwa huwa zimevimba, na kinachozirejesha ni kunyamaza. Kunyamaza hasa, si kunong'ona, maana kunong'ona nako huzikaza. Mama anywe maji mara kwa mara, akae mbali na moshi wa jikoni, na simu za kamati ya harusi zipokewe na mtu mwingine.

Pipi za mnanaa hutia ubaridi tu. Mtu hudhani amepona, akarudia kuimba. Antibayotiki haziponyi sauti iliyochoshwa na kuimba. Vidonge vya steroidi, ambavyo baadhi ya wauzaji huvitoa bila cheti cha daktari, hupunguza uvimbe kwa muda, na anayeimba kwa nguvu akivitegemea aweza kujiumiza zaidi. Msivinunue hivyo, hata muuzaji akiapa.

Ijumaa jioni ajaribu kwa upole, dakika chache. Sauti ikikwaruza bado, wimbo uanzishwe chini zaidi, naye atoe ubeti wa kwanza tu, dada zake wapokee. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, au akitema damu, amwone daktari.