Utafiti wa Wundanyi Uwafaidi Wakazi Waliouwezesha



Kituo kikubwa cha utafiti kikitajwa, wengi hudhani kiko ng'ambo. Kumbe kimoja kiko hapa Wundanyi: Kituo cha Utafiti cha Taita, cha Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Wanasayansi wa chuo hicho wamefanya kazi katika Milima ya Taita tangu mwisho wa miaka ya 1980, na hushirikiana na vyuo vikuu vya Kenya. Huchunguza misitu, mvua, udongo na hali ya hewa, kuanzia vileleni hadi nyanda kavu.

Kazi hiyo inamhusu pia mkazi wa Voi. Mto Voi unaanzia milimani, ambako misitu kama Ngangao hunasa ukungu na kuhifadhi maji. Anayetaka kujua kwa nini mto unakauka huanza na vipimo vya huko juu.

Inahusu afya pia. Mwaka 2019, watafiti wa Helsinki na Nairobi walichapisha habari za popo mmoja aliyenaswa eneo la Taita akiwa na virusi vya Bombali, vya jamii ya Ebola, vilivyogunduliwa kwanza Sierra Leone. Habari hiyo ingeweza kuzua hofu. Lakini wakazi waliokuwa na homa, na waliosema wamewahi kukaribiana na popo, walipimwa. Hakuna aliyepatikana na virusi vya Ebola wala kingamwili zake. Popo hao hulala darini na hula wadudu. Wasishikwe kwa mikono wala kuuawa ovyo.

Majibu hayo yalipatikana kwa sababu wakazi walikubali kutoa damu. Kwa hiyo wana haki ya kuyapata, kwa lugha wanayoielewa.

Kila mtafiti, mgeni au mwenyeji, anatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Mkazi anayeombwa damu, udongo wa shamba lake au maoni, kwanza aulize:

- Leseni iko wapi?
- Utafiti ni wa nini?
- Naweza kukataa?
- Majibu yataletwa lini, na yatasomwa katika baraza gani?

Swali la mwisho lisisahaulike. Vipimo vikichukuliwa na majibu yasirudi, mkulima hubaki alipokuwa.