Uvimbe wa Ufizi kwa Watoto

Mama wa Kibera au Kawangware aonapo kinundu katika ufizi wa mwanawe hushikwa na hofu mbili: kansa na gharama. Hofu ya kwanza mara nyingi haina msingi, kwa kuwa uvimbe mwingi wa ufizi wa watoto si kansa. Lakini kuutambua ni kazi ya daktari, na kuukata nyumbani ni hatari.

Mtoto anayeota meno huweza kupata lengelenge la buluu juu ya jino litokalo. Hilo haliguswi, kwa kawaida jino likitokeza, hupasuka lenyewe.

Kinundu chekundu, laini, kitokacho damu mtoto apigapo mswaki, aghalabu huletwa na ukoga ulioganda menoni. Daktari wa meno hupiga picha ya eksirei aone kama mfupa umeguswa, hutia dawa ya ganzi, hukikata tangu shinani, kisha huondoa ukoga wote. Usipoondolewa, kinundu huweza kuota tena. Kipande kilichokatwa hutazamwa kwa hadubini, na mzazi na aulize jibu lake, maana ndilo liondoalo shaka.

La kusikitisha ni lile la watoto wachanga wenye homa na kuhara. Ufizi wao ulioinuka kidogo penye chonge hudhaniwa kuwa ndio ugonjwa (huko Tanzania huitwa “meno ya plastiki”), naye fundi, pengine anayesifiwa mtaa mzima, huuchokoa kwa kisu au spoki ya baiskeli. Akitoacho ni chonge changa la mtoto mwenyewe. Kuhara hubaki palepale, damu imepotea, na wako waliokufa kwa vidonda vilivyoingia sumu. Mtoto huyo alihitaji maji ya chumvi na sukari yatolewayo kliniki.

Iko hali moja isiyongoja. Taya likivimba upesi, kwa majuma machache tu, na meno yakalegea, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza kansa ya namna hii katika mataya ya watoto wa Uganda. Haitibiwi kwa kisu bali kwa dawa, na wengi wafikishwao mapema hupona.

Wakazi wa Kibera wana hospitali za Mbagathi na Kenyatta karibu nao; wa Kawangware waweza kuanzia zahanati ya jirani na kuomba barua ya kwenda kwa daktari wa meno.