Gari Bovu na Haki ya Mnunuzi

(Maelezo ya Katibu katika mkutano wa wajumbe wa vyama vya msingi)



Lori la chama chetu lilinunuliwa jipya, likiwa na hati ya dhamana. Giaboksi yake iliharibika mara tatu kabla dhamana haijakwisha. Kila mara muuzaji aliitengeneza, nasi tukashukuru, tukaondoka bila karatasi. Mara ya nne lilikwama njiani na pamba ya wakulima, dhamana imekwisha. Muuzaji alisema hana habari ya ubovu wa zamani, nasi hatukuwa na hata barua moja ya kumjibu.

Ndugu Wajumbe, sheria haikumtupa mnunuzi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili. Lakini sheria hiyo hiyo humhesabu mnunuzi aliyekaa na mali muda mrefu bila kuikataa kuwa ameikubali. Hapo kwa kawaida hubaki na haki ya kudai fidia tu, si kuirudisha.

Basi, giaboksi ikirudia ubovu, mwandikieni muuzaji siku hiyo hiyo. Tajeni tarehe, kilomita na dalili. Semeni wazi kama mnalikataa gari. Nakala moja ibaki jaladani, nyingine iletwe Chama Kikuu. Fundi mwingine asiifungue kabla muuzaji hajaikagua, asije akamsingizia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.