Barabara ya Mombo hata Lushoto

Jioni hii tusafiri pamoja katika barabara ipandayo milima ya Usambara, toka Mombo hata Lushoto, mwendo wa maili 20 hivi. Chini ni joto na mikonge. Juu ni baridi na ukungu, hata msafiri atatafuta shuka. Kati yake ni jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Pale Soni maji yaanguka mwambani, na kila mgeni husimama kuyatazama.

Lakini leo sikuja kuyasifu maji. Nauliza: kwa nini barabara yapita hapa, isipite kwingine?

Hapo kale mji mkuu wa Wakilindi ulikuwa Vuga, si mbali na Soni. Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa utawala. Mzao wake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala milima hii na nchi hata pwani. Krapf alimwendea huko mwaka 1848. Siku zile mlima wenyewe ulikuwa boma, na kodi ilipanda vichwani mwa watu.

Kimweri alikufa mwaka 1862. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini tambarare, penye njia ya misafara. Huko ndiko zilikopita pembe, nguo na bunduki, na mwenye bunduki hakuogopa mlima tena. Watu wa Semboja walipanda, Vuga ikachomwa moto.

Kisha walikuja Wajerumani. Reli yao ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Boma lao lilikuwa Lushoto, nao waliiita Wilhelmstal. Barabara ikaunga stesheni na boma. Vuga ikaachwa kando.

Hata leo mambo ni hayo. Kabichi, karoti na viazi hushuka vichwani mwa akina mama mpaka kando ya lami, yanaposimama malori ya Dar es Salaam. Atokaye mbali hupokea bei atakayoambiwa, maana nani ataupandisha tena mzigo ule mlimani? Mvua ikizidi, udongo huporomoka, njia hufungwa, na kabichi huoza magunia kwa magunia.

Udongo huo watoka wapi? Mwingine watoka katika mashamba yetu wenyewe, tuliyoyalima mpaka ukingoni mwa barabara. Wanafunzi wangu nimewaambia, kila wapitapo njia ile, waihesabu mifereji iliyoziba.