Mgeni na Mwenyeji katika Ofisi ya Mtaa: Utumishi wa Umma na Haki katika Jiji la Dar es Salaam

Ipo fikra iliyoota mizizi katika mijadala yetu ya utawala kiasi kwamba hakuna tena anayeona haja ya kuitetea. Inasema kwamba jiji lenye watu wa kila kabila, kila dini na kila kipato haliwezi kuhudumiwa kwa haki na mtu anayefahamiana na anaowahudumia. Akiwafahamu atawapendelea, akikaa nao muda mrefu atakuwa mtu wao. Dawa yake, basi, ni kumleta mgeni, kumhamisha kabla hajazoea, na kila inapowezekana kuweka mfumo wa kompyuta baina yake na mwananchi. Naamini fikra hiyo ina kosa, na kosa lenyewe liko kwenye msingi, si kwenye utekelezaji.

Wanaoishikilia humtaja Max Weber, ambaye mtumishi wake kamili hufanya kazi bila chuki wala mapenzi, kwa kanuni iliyo sawa kwa wote. Baada ya Weber humtaja Goran Hyden, aliyeeleza katika kitabu chake cha 1980 kuhusu Tanzania jinsi mahusiano ya ukoo na ujirani yanavyopenya hadi ndani ya dola. Wote wawili ni wasomi wa kuheshimiwa, na sina ugomvi na walichokiandika. Ugomvi wangu ni na matumizi yake. Weber alikuwa anamwelezea ofisa mwenye faili mbele yake, faili ambalo tayari lina majibu: jina, umri, mali, ndoa, makazi. Hyden aliandika hasa kuhusu wakulima na vijiji. Kuyachukua maneno yao na kuyashusha kwenye ofisi ya mtaa ya Buguruni au Manzese ni kudhani kwamba pale pana faili lililokamilika, na kwamba wanaoingia mlangoni ni watu wa kijiji kimoja. Dhana zote mbili si kweli.

Tuanze na hilo la faili. Mwanamke ameishi na mwanamume miaka minane kwenye chumba cha kupanga. Mwanamume amefariki. Ndugu zake wamefika kutoka mkoani na wanasema huyu hakuwa mke, alikuwa akiishi tu na ndugu yao. Mwanamke anakwenda kwa mtendaji wa mtaa kuomba barua ya kupeleka Mahakama ya Mwanzo kwenye shauri la mirathi. Cheti cha ndoa hana. Mtendaji aliyehamia wiki iliyopita, akifuata ule usawa wa kutomjua mtu, atamwambia alete cheti. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kuwa walioana kihalali, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watambulike na nani? Na majirani, na mwenye nyumba, na muuza duka wa kona aliyekuwa akiwakopesha unga na mafuta ya taa. Bunge liliuweka ushahidi midomoni mwa watu wa mtaa. Mtumishi asiyejua pa kuuliza hawezi kuitekeleza sheria hiyo hata awe na moyo safi kiasi gani, na anayeumia ni yule ambaye kifungu kilitungwa kumlinda.

Wala hilo si jambo la pembeni katika kazi ya mtendaji. Barua ya mtaa inahitajika kwa dhamana ya mahakamani na polisi, kwa mauziano ya kiwanja kisichopimwa, na fomu ya kitambulisho cha taifa nayo hupitia kwa mtendaji. Kila barua inathibitisha kwamba huyu ni mkazi, kwamba huyu ni mwenye mali, kwamba hawa ni ndugu. Kwa sensa ya Agosti 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na mitaa yake ni zaidi ya 500. Wastani unakaribia watu 10,000 kwa mtaa mmoja. Muhuri wa mtendaji ni kauli ya serikali kwamba inamfahamu mtu huyu miongoni mwa hao elfu kumi. Anayepiga muhuri bila kufahamu anasema uongo kwa niaba ya jamhuri.

Dhana ya pili, kwamba utofauti wa jiji ni mkusanyiko wa makundi yanayongoja kumteka mtumishi, inahitaji jibu refu zaidi, na jibu bora ninalolijua liko katika kitabu ambacho kinasomwa kidogo mno. Mwaka 1956 J.A.K. Leslie, afisa wa utawala wa kikoloni, alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa mji huu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1963 kwa jina la A Survey of Dar es Salaam. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742, yaani mji mzima wa wakati huo ungeweza kumezwa leo na kata chache tu. Maswali ya Leslie ni ya mtawala anayetaka kujua kama watawaliwa wake watatulia, na msomaji wa leo hana budi kumsoma kwa tahadhari. Lakini alitazama kwa makini ambayo wengi wetu, wenye mbinu bora kuliko zake, hatuna. Aliitazama nyumba. Aliieleza nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa humo humo au kwingine, na vyumba vingine vilipangishwa. Na ndani ya nyumba hiyo moja alikuta Mzaramo akipakana na Mluguru, Mnyamwezi akichota maji pipa moja na Mndengereko, Mwislamu akipanga kwa Mkristo na Mkristo kwa Mwislamu.

Maana ya jambo hilo kwa utumishi wa umma ni kubwa kuliko Leslie mwenyewe alivyodai. Mkoloni aliugawa mji kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na ukanda kwa ukanda kanuni za ujenzi zililinda mgawanyo huo. Lakini upande wa Waafrika, ambao ndio uliokuja kuwa jiji, hapakuwa na mtaa wa kabila moja wa kumteka ofisa. Utofauti ulikuwa umelala ndani ya ukumbi mmoja. Ndivyo ulivyo hadi leo Tandale na Mbagala, tena umeongezeka. Mtendaji anayeujua mtaa wake hawi mtu wa kundi fulani, kwa kuwa katika nyumba chache tu kuna lugha nyingi za mama na kiu moja ya maji. Kinachomkabili kila siku ni ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, maji machafu yanayotiririkia kwa jirani, genge lililoziba njia. Kuyaamua hayo kunahitaji kujua nani alianza kukaa hapo, nani alimruhusu, na kwa masharti yapi. Na hayo hayajifunzwi kwa mwezi mmoja.

Historia ya jiji hili inatoa ushahidi wake pia. Mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972 ulifuta halmashauri, za mijini zikiwemo, na kazi zao zikapewa watumishi wa serikali kuu walioripoti juu badala ya kuripoti kwa wakazi. Huduma za miji zilizorota, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 ikabidi sheria itungwe kuzirudisha mamlaka za miji. Mwalimu Nyerere, akihojiwa mwaka 1984, aliitaja hatua ya kufuta serikali za mitaa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia. Nitajibiwa kwamba mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa kwa kushindwa kazi, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, watu wa kuteuliwa, ikaongeza mapato na kusafisha mji hadi mwaka 2000. Ni kweli, na sioni aibu kuisifu Tume. Lakini tuangalie ilifanikiwa katika nini: taka, barabara, makusanyo. Hizo ni kazi ambazo lori moja hufanya sawa na lori jingine. Barua ya mirathi si kazi ya namna hiyo, na jiji linahitaji zote mbili.

Kipo kipimo cha karibu zaidi. Desemba 2018 vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilitolewa kwa wakuu wa mikoa ili wavigawe, kimoja kwa shilingi 20,000, kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kanuni moja, bei moja, nchi nzima, Weber angeridhika. Lakini mamalishe haandiki vitabu vya hesabu. Nani atasema mauzo yake ni milioni tatu au tano? Ni yule anayejua anapika sufuria ngapi na anauzia nani. Kanuni iliyotoka juu ikiwa sawa kwa wote ilihitaji, ili iwe ya haki, mtu wa chini mwenye kujua. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa leseni za makazi zilizoanza kutolewa jijini mwaka 2004 chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999: picha za anga zilionyesha mapaa, lakini kumtambua mwenye paa kulihitaji viongozi wa mtaa na majirani waliosimama hapo.

Sasa pingamizi zito kuliko yote, nalo ni rushwa. Kila anayeishi Dar es Salaam amesikia habari za asilimia kumi iliyokuwa ikidaiwa katika mauziano ya viwanja ili ofisi ishuhudie. Wanasema aliyekaa sana ndiye anayejua pa kuchukua. Silipuuzi hilo, mwananchi aliyetozwa ameibiwa, na anastahili kuona mwizi akishtakiwa. Lakini uhamisho unaiondoa rushwa hiyo kwa njia gani? Asilimia kumi imo katika kiti, anayekuja anaikuta. Na mgeni ana udhaifu ambao watetezi wake hawautaji: hajui mipaka ya kiwanja, hajui nani ndugu wa nani, na barua zinamsubiri mezani. Itabidi aulize, na wa kwanza kumjibu ni dalali. Wa pili ni mjumbe mwenye mgombea wake. Mtumishi asiyejua hayuko huru. Yuko mikononi mwa yeyote anayemjulisha, naye analipia habari hizo kwa muhuri wake. Umbali tunaousifu kuwa ni kutopendelea unageuka kuwa upendeleo wa watu wasiochaguliwa na yeyote na wasioweza kuwajibishwa.

Wengine wataelekeza kwenye kompyuta. Kabla ya sensa ya 2022 nyumba zilipewa anwani na postikodi, kazi ya maana ambayo naiunga mkono. Lakini mfumo unajua tu kilichoingizwa, na aliyekiingiza alikiuliza kwa mtu wa mtaa. Hata makarani wa sensa wenyewe waliongozwa mlango kwa mlango na viongozi wa mitaa.

Ninachopendekeza kwa halmashauri tano za mkoa huu hakihitaji sheria mpya. Mtendaji wa mtaa akae kituoni walau miaka mitano, asiondolewe kabla ya hapo ila kwa kosa lililothibitishwa. Rejesta ya wakazi na daftari la mauziano viwe mali ya ofisi, visomwe kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa kila robo mwaka, ili anachokijua yeye kijulikane pia na wanaoweza kumpinga. Na anapoondoka, asikabidhi funguo na muhuri peke yake: wiki mbili azunguke na mrithi wake nyumba kwa nyumba, wakiwa na daftari mkononi, na mkurugenzi asisaini makabidhiano mpaka mzunguko huo ukamilike.