Kiwanja cha Ndege na Mtumbwi wa Mvuvi
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Buhongwa, Mwanza)



Tumetoka visiwani kuja kwenu Buhongwa, nasi hatujioni wageni. Mwenye kuishi kando ya Ziwa na mwenye kuishi kando ya bahari wote wawili hulala wakisikiliza maji. Leo hatutasema juu ya vyeo wala viti. Tutasema juu ya kiwanja kidogo cha ndege.

Ng'ambo ya Ziwa hili upo mji wa Bukoba, na kiwanja chake kipo ukingoni kabisa mwa maji. Mtu wa mji ule akitaka kufika Mwanza hana budi ama kuzunguka Ziwa kwa gari, ama kupanda meli, ama kupanda ndege. Meli tunaijua khabari yake: tarehe 21 Mei, 1996, M.V. Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Kwa hivyo kiwanja kile si pambo la wakubwa. Ni njia ya mgonjwa, ya mfanyabiashara, na ya mwanafunzi.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwani ikijaribu kutua hapo. Walikuwamo watu 43. Waliookoka ni 24, na waliokufa ni 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Ni nani waliowahi kufika? Ni wavuvi, na mitumbwi yao, na kamba zao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alitunukiwa na Serikali fedha na kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tunaisifu tunza hiyo, kwani ilistahiki. Lakini ripoti ya awali ya wachunguzi wa Serikali yenyewe ilieleza kwamba msaada wa uokozi ulichelewa na zana hazikutosha. Basi tunauliza: ushujaa wa mtu mmoja waweza kuwa badala ya matayarisho ya dola nzima?

Sisi wa Unguja na Pemba swali hili limetuchoma kabla yenu. Tuliliuliza mwaka 2011 ilipozama M.V. Spice Islander, tukaliuliza tena mwaka 2012 ilipozama M.V. Skagit. Kila mara vilio vilikuwa vingi, na kila mara mvuvi alikuwa mbele.

Kiwanja cha ndege si lami peke yake. Kiwanja kilichopakana na maji kinataka mashua iliyo tayari, mafuta ndani yake, wazamiaji waliofunzwa, na watu wanaojua nani wa kumwita. Kadhalika kinataka wavuvi wa jirani wafundishwe na wapewe zana, maana wao ndio watakaofika kwanza, wakiitwa wasiitwe.

Ndugu wanachama, kazi yetu sisi tulio nje ya Serikali si kushangilia msiba ili tupate la kusema. Kazi yetu ni kuuliza kabla ya msiba. Nendeni kwenye viwanja vyenu, Mwanza, Bukoba na Pemba, mkaulize kwa adabu: mashua iko wapi? Mkijibiwa, ombeni kuonyeshwa.

Wabillahi tawfiq.