Taa Juu ya Mdomo wa Mashine ya Kusaga
Mada kwa wakazi wa kata, wenye mashine za nafaka na wateja wao



Katika mashine nyingi za kusaga, globu huning'inia juu kabisa ya mdomo wa mashine, mahali ambapo madebe ya mahindi huinuliwa kutwa nzima. Debe likiigonga, kioo huangukia mahindi na kusagwa pamoja nayo. Kioo kikishakuwa unga, hakuna chekeche ya nyumbani itakayokitenga, na unga huo ndio uji wa mtoto jioni ile ile.

Wenye mashine wengi huona wavu wa waya unatosha. Wavu hukinga kipigo, lakini matundu yake hupitisha vipande vya kioo na vumbi. Huo ni wa gereji. Mashineni panahitajika taa yenye kava gumu la plastiki, linalofunika globu yote na kuzibwa kwa mpira pembezoni. Taa hizo hupigwa chapa ya herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza huhusu vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili huhusu maji, na 5 maana yake taa hustahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Mnunuzi aitafute IP65, hata kama muuzaji atasifia mng'ao tu.

Vumbi la unga huwaka. Likitanda hewani katika chumba kilichofungwa, laweza hata kulipuka. Globu za zamani za uzi hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, kwa hiyo ndani ya kava iwekwe ya LED, isiyozidi wati zilizoandikwa kwenye taa. Kuifunika globu kwa mfuko wa nailoni au karatasi ni kuualika moto. Taa ndefu za tyubu zina zebaki. Zisizoweza kubadilishwa zivikwe mrija wa plastiki angavu unaozuia vipande visitawanyike.

Kava hupunguza mwanga likishika vumbi. Lifutwe kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu, umeme ukiwa umezimwa. Zaidi ya yote, taa isogezwe pembeni ya mdomo wa mashine. Hakuna kava linaloshinda hilo. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na mteja naye ana haki ya kutazama juu na kuuliza.

Globu ikivunjika kazini, mashine izimwe. Mahindi yaliyomo mdomoni na unga uliomo ndani vyote vitupwe, na mashine isafishwe kabla ya mteja anayefuata. Hapo ndipo ubishi huanza: nani alipe debe hilo? Alipe mwenye mashine, kwa kuwa taa ni yake, na bei ya kava moja haiwezi kulingana na hasara hiyo ikijirudia.